Mbwa na Kishindo cha Fataki Usiku wa Sikukuu

Leo tunaelekea Oman, pande za Ibra, Sur na Nizwa, yaani katika maeneo ya Sharqiyah na Dakhiliyah, ambako ndugu zetu wengi wazungumzao Kiswahili wana makazi na mashamba yao. Tutazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, lakini huwagharimu watu wanyama wao: hofu inayompata mbwa pindi fataki na fashifashi zinapoanza kulia usiku wa sikukuu, na namna ya kumtuliza.

Huenda msikilizaji akauliza, mbwa na Oman wapi na wapi? Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za huko, kama ilivyo Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, mbwa haingizwi ndani, kwa kuwa mate yake huhesabiwa kuwa najisi na watu wanataka mahali pao pa kusalia pawe safi. Lakini kutoingia ndani si sawa na kutokuwapo. Mabedui wa jangwa la mchanga la Sharqiyah, ambalo wazee bado huliita Ramlat al-Wahiba, wamefuga tangu zamani mbwa wembamba wenye miguu mirefu waitwao saluki, mbwa wa kuwinda wanaotegemea macho na mbio. Wako mbwa wanaolinda mashamba ya mitende na mazizi ya mbuzi. Wako wanaofugwa na wageni wanaofanya kazi nchini, na siku hizi hata na vijana wa Kiomani wenyewe. Na Qurani Tukufu inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake mlangoni mwa pango walimolala wale vijana, na inaruhusu kuliwa kwa windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Mnyama aliye chini ya mkono wa mtu ni amana yake, awe amelala sebuleni au nyuma ya uzio wa shamba.

Sasa tutazame hizo kelele zinatoka wapi. Chanzo cha kwanza ni siku za Idi. Kabla ya kila Idi hufanyika katika miji ya Oman masoko ya habta, ambako watu hununua mifugo ya kuchinja na watoto hununua vitu vya kuchezea. Sheria ya nchi hairuhusu kuingiza, kuuza wala kuwasha fataki bila ya kibali, na polisi hulikumbusha jambo hilo mara kwa mara sikukuu zinapokaribia. Hata hivyo, fataki hupatikana, na hulia vichochoroni baada ya Isha. Chanzo cha pili ni arusi na ngoma za razha, ambazo desturi yake ya kale ilikuwa ni panga kurushwa juu na bunduki kufyatuliwa hewani. Cha tatu ni Siku ya Taifa. Kwa miaka mingi siku hiyo iliadhimishwa tarehe 18 Novemba, siku ya kuzaliwa Sultan Qaboos bin Said, na kuanzia mwaka 2025, kwa amri ya Sultan Haitham bin Tarik, imehamishiwa tarehe 20 Novemba, kukumbuka kuanza kwa utawala wa ukoo wa Al Busaidi mwaka 1744. Anayefuga mbwa ni vyema aifahamu tarehe hiyo mpya, maana maandalizi tutakayoyaeleza hayafanyiki siku moja kabla.

Nam, wapenzi wasikilizaji, kwa nini mlio ambao humfurahisha mtoto wa binadamu humtia mbwa kiwewe? Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa hufikia kiasi cha 45,000, na husikia pia sauti hafifu ambazo sisi hazitufikii kabisa. Lakini ukali wa sikio si sababu pekee, na wala si kubwa kuliko zote. Fataki hulipuka ghafla, haina mpangilio, na haina mahali maalumu inapotokea. Mtu anaiona ikipaa na anajua kitakachofuata, mbwa hajui. Katika mji kama Nizwa, ulio chini ya Jabal Akhdar, mlio mmoja hugonga mlima ukarudi, na mbwa akadhani hatari inamjia kutoka pande mbili. Sur nako sauti husafiri juu ya maji ya khori bila ya kizuizi. Jangwani hakuna mwangwi wa kumchanganya, ila hakuna pia pa kujificha.

Katika hali hiyo mwili wa mbwa humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, na akili yake hubakia na maamuzi mawili tu, kujificha au kukimbia. Kwa saluki, anayeweza kuzidi kilomita 60 kwa saa, kukimbia maana yake ni kwamba ndani ya dakika chache yuko mbali kuliko sauti ya mwenyewe inavyoweza kufika. Anavuka barabara kuu bila ya kutazama, au anaingia jangwani asikokuwa na maji. Mbwa wa shamba aliyefungwa kwa mnyororo naye huvuta mpaka akajikata shingo, au akaruka ukuta na kuning'inia. Haya ndiyo yanayofanya suala hili lisiwe la anasa.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuichukulia hofu hii kuwa ni utovu wa adabu. Mbwa anabweka, anachimba chini ya mlango, anajikojolea, na mwenyewe anamkemea au kumpiga. Matokeo yake ni kwamba mnyama sasa ana vitu viwili vya kuogopa badala ya kimoja. Kosa jingine ni kutoitambua hofu yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowauliza wafugaji kama mbwa wao wanaogopa kelele. Kiasi cha robo walijibu ndiyo. Lakini baadhi ya wafugaji walipohojiwa kwa undani, dalili moja baada ya nyingine, ilibainika kwamba karibu nusu ya mbwa walikuwa na angalau dalili moja. Wafugaji walikuwa wakiona bila ya kujua wanachokiona.

Dalili zenyewe ni kutetemeka, kuinamisha masikio nyuma, kuficha mkia baina ya miguu, kuzunguka bila ya kutulia, kudondokwa na mate, kukataa chakula anachokipenda, kumganda mwenyewe, na kupiga miayo au kulamba midomo hali hana usingizi wala njaa. Kuhema nako ni dalili, ila katika nchi yenye joto yapaswa kutofautisha: mbwa anayehema kwa joto hutulia akipata kivuli na maji, anayehema kwa hofu haachi.

Tuje sasa kwenye tiba, na hapa inafaa kuanza na jambo ambalo watu wa Sharqiyah wenyewe wanalijua kuliko wataalamu wa Ulaya. Maonyesho ya ardha ya farasi na ngamia, ambayo mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, huwakusanya wanyama hao katikati ya umati, nyimbo na vishindo. Farasi anakwenda mbio, mpandaji amesimama mgongoni, na farasi hashituki. Farasi huyo hakuzaliwa hivyo. Amezoeshwa polepole, leo kelele kidogo, kesho zaidi, na kila mara akaona kwamba baada ya kelele hakikufuata kibaya bali mkono wa mwenyewe na chakula. Njia ya kumtibu mbwa ni hiyo hiyo.

Hufanywa hivi. Mfugaji hutafuta sauti ya fataki iliyorekodiwa, nazo zinapatikana kwa urahisi kwenye intaneti, na huipiga kwa simu au redio kwa sauti ndogo mno, kiasi kwamba mbwa anainua sikio tu na kuendelea na shughuli zake. Mara tu baada ya mlio, anapewa kipande cha nyama. Mlio mwingine, nyama nyingine. Dakika tano zinatosha kwa siku. Siku zikipita na mbwa akaanza kumtazama mwenyewe kwa matumaini kila asikiapo mlio, sauti huongezwa kidogo. Akionyesha dalili yoyote kati ya zile tulizozitaja, hurudishwa chini. Utaratibu wa vitu viwili hivi una umuhimu mkubwa: mlio kwanza, nyama baadaye. Anayetanguliza nyama humfundisha mbwa kwamba nyama ni onyo la kishindo, na mwisho wake mbwa ataikimbia hata nyama. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na ndiyo maana mwenye kuilenga Siku ya Taifa ya Novemba yampasa aanze mwisho wa kiangazi.

Kwa mbwa mchanga mambo ni mepesi zaidi. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili au kumi na nne tangu kuzaliwa, ubongo wake hupokea mapya bila ya woga mwingi. Mtoto wa mbwa aliyesikia katika kipindi hicho mlio wa sufuria inayoanguka, pikipiki, ngoma na kelele za watoto, huku akila na kucheza, huwa ana nafasi kubwa zaidi ya kukua bila ya hofu hii.

Je, njia hii inafaa kweli? Mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alikusanya majibu ya wafugaji 1,225 na kuyachapisha mwaka 2020. Zaidi ya asilimia 70 ya waliotumia mbinu ya kumpa mbwa chakula au mchezo mara baada ya mlipuko walisema hali iliimarika. Mafunzo ya kumtuliza mbwa yalifaa kwa asilimia 69, na dawa zilizoandikwa na daktari kwa kiasi hicho hicho. Sauti za kurekodiwa zilifaa kwa asilimia 55, fulana za kumbana mwili kwa asilimia 44. Ama mafuta ya kunukia, dawa za mitishamba, feromoni na mengineyo yanayouzwa kwa bei kubwa madukani, yalikuwa baina ya asilimia 27 na 35, kiwango ambacho hata dawa bandia isiyo na kitu ndani yake inaweza kukifikia. Haya ni maoni ya wafugaji, si vipimo vya maabara, na yachukuliwe hivyo. Hata hivyo yanatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kutoa riali zake.

Katika mbinu hizo, ile ya kwanza haihitaji hata sauti ya kurekodiwa. Inaweza kutumika usiku wenyewe: kila mlipuko unaposikika nje, kipande cha nyama kinaanguka mbele ya mbwa, mradi bado hofu yake haijafikia kiwango cha kukataa kula.

Suala linalofuata ni mahali. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani humtaka mfugaji amwingize mbwa chumba cha ndani, afunge mapazia na kuwasha televisheni. Je, yule ambaye mbwa wake haingii nyumbani afanye nini? Jibu lipo katika majengo yenyewe ya huko. Mtu aliyepita katika mitaa ya kale ya Ibra, al-Minzfah na al-Qanatir, ameona jinsi wazee walivyojenga kwa matofali ya udongo na kuta nene. Ukuta mnene hauzuii joto tu, huzuia na sauti. Stoo ya shamba, ghala la zamani la tende au banda lililojengwa kwa matofali linatosha kabisa, bora zaidi likiwa na mlango upande usioelekea mtaani. Dirisha lizibwe kwa blanketi nzito ili mimweko isionekane. Ndani pawekwe kitanda cha mbwa au gunia analolizoea, maji, na mfupa wa kutafuna, na redio iwekwe kwa sauti ya wastani. Aanze kulishwa humo wiki kadhaa kabla, ili siku ya siku asione kwamba amefungwa gerezani. Mlango wa kona anayoichagua kujificha usizibwe. Mbwa aachiwe kuingia na kutoka ndani ya banda, na asivutwe kwa nguvu kutoka alikojificha.

Hapa pana tahadhari isiyopatikana katika vitabu vya nchi za baridi. Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo kuna miaka inayoangukia katika joto kali. Mbwa hapoi mwili kwa jasho kama sisi, hupoa zaidi kwa kuhema, na aliyejaa hofu tayari anahema kwa nguvu. Kumfungia katika stoo ya mabati isiyo na hewa ni kumuua. Pasipo na kiyoyozi au feni pawe na njia ya hewa, na feni yenyewe ina faida ya pili: mvumo wake hufunika sehemu ya milio ya nje.

Usiku wenyewe una mambo machache. Mbwa atembezwe na kulishwa mapema, kabla ya Magharibi, na afungwe kamba hata kama ni mtiifu ambaye hajawahi kufungwa. Kisha litazamwe lango. Siku za Idi wageni huingia na kutoka tangu asubuhi hadi usiku, huyu na watoto wake, yule na sinia lake la halwa, na lango la uani hubaki wazi bila ya yeyote kukusudia. Fataki moja ikilia wakati huo, mbwa ameshatoka. Kwa hivyo mlango wa banda ufungwe hata kama lango kuu linadhaniwa limefungwa, na asifungwe mnyororo. Mkanda wa shingoni uwe na namba ya simu inayofanya kazi. Chipu ndogo ya utambulisho, ambayo daktari wa wanyama huitia chini ya ngozi, ni bora zaidi, kwani mkanda hukatika.

Watu wengi wamefundishwa kwamba kumbembeleza mbwa mwenye hofu ni kumzidishia hofu. Wataalamu wa tabia za wanyama hawakubaliani tena na dai hilo. Hofu si tendo analolifanya mbwa ili apate malipo. Ni hali inayompata. Akija karibu na mtu wake akataka kuguswa, aguswe, kwa utulivu na bila ya makelele. Akitaka kukaa peke yake, aachwe. Na kwa asiyetaka kuguswa na mate yake, kukaa tu karibu naye na kuzungumza kwa sauti ya kawaida kunamsaidia.

Wako mbwa ambao hayo yote hayawatoshi: wanaojijeruhi, wanaovunja milango, wasiokula siku mbili baada ya sikukuu. Hao wapelekwe kwa daktari wa wanyama, wiki kadhaa kabla. Kuna dawa zilizothibitishwa mahsusi kwa hofu ya kelele, kama vile jeli ya deksimedetomidini inayopakwa kwenye ufizi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015 na pia Marekani. Dawa yoyote hujaribiwa kwanza siku ya kawaida ili ijulikane inavyomchukua mnyama. Tahadhari itolewe kuhusu asepromazini, dawa ya zamani ya usingizi ambayo baadhi ya watu bado huitoa peke yake: humlegeza mbwa mwili akaonekana ametulia, ilhali ndani bado anaogopa na hana tena nguvu za kujificha. Vidonge vya binadamu visitolewe kabisa kwa kukisia, kwani baadhi yake ni sumu kwa mbwa.

Na ikiwa mbwa mzee aliyekuwa hajali fataki ameanza kuziogopa ghafla, achunguzwe kama ana maumivu. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Brazil walichunguza mbwa 20 wenye hofu ya kelele, nusu yao wakiwa na maumivu ya misuli au viungo. Waliokuwa na maumivu walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa kuliko wenzao. Dhana ni kwamba mwili hushituka, kiungo huuma, na mbwa akafungamanisha uchungu na ule mlio. Huyo hatibiwi kwa nyama na redio, hutibiwa kiungo.

Wanabaki mbwa koko, wasio na mwenyewe wala banda. Kwao kuna machache ya kufanya, ila moja liko wazi: watoto wakatazwe kuwarushia fataki wao na paka, mchezo ambao watu wazima wengi huutazama na kucheka. Asubuhi ya pili, kabla ya mbwa wa nyumbani kufunguliwa, mabaki ya fataki yafagiliwe uani na kando ya lango, kwa sababu kemikali zake ni sumu na mbwa hula asichopaswa kula. Atolewe kwa kamba siku hiyo nzima, kwani fataki zilizobaki mifukoni mwa watoto huwashwa mchana.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Uingereza, ambako fataki hulia tarehe 5 Novemba, wa Marekani wanaosherehekea tarehe 4 Julai, wa Ujerumani usiku wa kuukaribisha mwaka mpya, na wa Mombasa na Dar es Salaam wanaoishi jirani na sherehe za Diwali, maelekezo ni hayo hayo; tarehe tu ndizo zinazobadilika, na kuhesabu wiki za maandalizi kuanzie hapo.